Mtwa Mkwawa: Malalamiko ya Wahehe na Safari ya Uhuru



Wapendwa wasomaji, leo tunawaletea maisha ya mtu ambaye kila mtoto wa shule katika nchi yetu analijua jina lake, lakini si wengi wanaoyajua maisha yake mpaka mwisho. Ni Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliyefariki tarehe 19 Julai 1898.

Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, Madibira ipo mpakani. Mto Ndembera unashuka kutoka nyanda za juu upande wa Iringa, unapita kwetu, kisha unaingia katika bonde la Usangu. Watu nao ni hivyo hivyo: katika misa moja ya Dominika wanakaa benchi moja Msangu, Mhehe, Mbena na wengine waliofuata mashamba ya mpunga. Babu zao walipigana. Mtu anayeishi mahali kama hapa hawezi kumsimulia Mkwawa kwa upande mmoja tu.

Pili, maisha yake yanatufundisha jambo kuhusu malalamiko. Tarehe 4 Julai 1776 makoloni 13 ya Amerika ya Kaskazini yaliandika orodha ya mabaya waliyotendewa na Mfalme George III wa Uingereza, yakaituma kwa ulimwengu wote, yakajitangazia uhuru. Wahehe nao walikuwa na malalamiko dhidi ya mfalme wa mbali, Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani. Wao hawakuyaandika. Tukiyafuata maisha ya Mkwawa toka mwanzo hadi mwisho, na hata baada ya kifo chake, orodha hiyo tutaiona, moja baada ya jingine.

Kuzaliwa na kutawazwa

Jina lake refu ni Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga. Alizaliwa Luhota, karibu na Iringa ya leo, yapata mwaka 1855. Baba yake, Munyigumba, ndiye aliyeziunganisha koo nyingi zilizokuwa zikijitawala kila moja kivyake, akazifanya taifa moja lenye jeshi moja. Kabla yake hapakuwa na Uhehe kama tunavyouelewa leo.

Munyigumba alipofariki, yapata mwaka 1879, nyumba ilipasuka kama zinavyopasuka nyumba nyingi mwenye mali anapoondoka. Mwambambe, aliyekuwa mtu wa karibu wa marehemu na shujaa wa vita, aliutaka utawala. Mkwawa, kijana bado, alilazimika kukimbilia Ugogo. Baadaye alirudi akiwa na wafuasi, akamshinda mpinzani wake. Mahali palipopiganwa panaitwa Lundamatwe mpaka leo, na husemwa kuwa maana ya jina hilo ni mrundikano wa vichwa. Tunalitaja jambo hili mapema kwa makusudi. Utawala wa Mkwawa ulianza kwa damu ya Waafrika wenzake kabla Mzungu yeyote hajafika na bunduki.

Akishakaa kitini aliendeleza kazi ya baba yake. Aliwaweka wasaidizi wake kusimamia sehemu mbalimbali za nchi, akawazoeza vijana vita, akazidhibiti njia za misafara iliyokuwa ikipita kati ya pwani na bara. Kila msafara uliopita ulitozwa hongo. Siku hizi neno hilo tunalisikia tukafikiria rushwa, lakini wakati ule hongo ilikuwa ushuru halali wa njia: mgeni anamlipa mwenye nchi kwa kupita katika ardhi yake na kwa usalama anaopewa. Kwa njia hiyo Mkwawa alipata nguo, baruti na bunduki, na pembe za ndovu zikapita mikononi mwake.

Pale Kalenga, kando ya mto Ruaha Mdogo, alijenga ngome yenye kuta nene za mawe na udongo. Kwa Kihehe ngome huitwa lilinga, na kutokana na neno hilo mji wa Iringa ulipata jina lake.

Mfalme aliyelalamikiwa na jirani zake

Hapa hatuna budi kusimama kidogo, maana sisi wa Madibira tunakaa kwenye ardhi inayolijua jambo hili.

Kabla Wahehe hawajapata nguvu, Wasangu ndio waliotamba katika nyanda hizi. Mtawala wao, Merere, aliogopwa hata mbali. Munyigumba na kisha Mkwawa waliwapiga Wasangu, wakawasukuma kutoka katika bonde lao, mpaka Merere na watu wake wakahamia Usafwa, upande wa Mbeya, wakajenga mji mwingine huko. Fikiria familia inayoiacha mifugo yake, makaburi ya wazee wake na mbuga ilizozizoea, ikaenda kuanza upya milimani kwenye baridi. Wabena nao walivamiwa. Wangoni walipigana na Wahehe vita vikali mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880, mpaka pande zote mbili zikachoka zikapatana.

Wajerumani walipokuja, Merere aliwapokea kama msaada. Kwa kuungana nao Wasangu walirudi kwao. Wako wanaomwita Merere msaliti. Tunawaomba wasomaji wetu wasiharakishe neno hilo. Mtu aliyefukuzwa nyumbani kwake anapomwona adui wa adui yake, humwona kwanza kama mkombozi. Baadaye ndipo anapogundua kwamba mkombozi huyo naye amekuja na kodi, viboko na kazi za lazima, na kwamba hana nia ya kuondoka.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, watu wa Israeli walipotaka mfalme, nabii aliwaonya kwamba mfalme atachukua wana wao kwa vita, mashamba yao na mifugo yao, na kwamba siku moja watalia kwa sababu ya mfalme huyo. Onyo hilo linawahusu wafalme wote, wa Ulaya na wa kwetu. Tukisema Wahehe walikuwa na haki ya kumlalamikia Kaisari, tukubali pia kwamba Wasangu walikuwa na haki ya kumlalamikia Mkwawa.

Kuja kwa Wajerumani

Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilipatana juu ya mipaka ya Afrika ya Mashariki. Hapana Mhehe, Msangu wala Mbena aliyeulizwa. Mwanzoni mwa mwaka 1891 serikali ya Kaisari ikaichukua rasmi nchi hii kutoka mikononi mwa kampuni ya kibiashara iliyokuwa imeshindwa kuitawala. Hilo ndilo lalamiko la kwanza katika orodha yetu: nchi ya watu iligawiwa na watu ambao hawakuwahi kuikanyaga.

Lalamiko la pili lilihusu njia na biashara. Wajerumani walitaka misafara ipite bila kumlipa Mkwawa, na wao ndio wakusanye mapato. Kwa macho yao, Mhehe aliyetoza ushuru au kuushambulia msafara alikuwa mnyang'anyi. Kwa macho ya Mkwawa, mgeni aliyepita bila kulipa na kuwazuia wengine wasilipe ndiye mnyang'anyi.

Kamanda wa jeshi la Wajerumani, Emil von Zelewski, ambaye watu walimbandika jina la Nyundo, alikuwa ameshajulikana pwani. Mwaka 1888 alikuwa Pangani kama mtumishi wa kampuni, na ukali wake huko ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha vita vya Abushiri. Katikati ya mwaka 1891 alipanda bara na kikosi cha askari mia kadhaa, wapagazi na mizinga, akichoma vijiji njiani. Inasimuliwa Uheheni kwamba Mkwawa alituma wajumbe wa amani wakiwa na zawadi, nao wakapigwa risasi kabla hawajasema lolote.

Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi hicho kilikuwa kikipita Lugalo, mashariki ya Iringa, watu wakiwa wamepangana mmoja nyuma ya mwingine kwenye njia nyembamba. Wahehe, wakiongozwa na Mpangile, ndugu yake Mkwawa, walikuwa wamejilaza katika majani na mawe. Ishara ilipotolewa waliwarukia kwa mikuki, na askari wengi hawakupata hata nafasi ya kujaza risasi. Mapigano makali yalichukua dakika chache tu. Zelewski aliuawa, na pamoja naye Wazungu wengine tisa, askari zaidi ya mia mbili na wapagazi wengi. Wahehe waliteka bunduki zipatazo 300 na mizinga.

Habari hizo zilishtua Berlin. Mpaka leo, msafiri anayetoka Iringa kwenda Morogoro hupita karibu na mnara uliojengwa Lugalo kwa ajili ya Zelewski na wenzake. Lakini ushindi ule ulikuwa na bei. Wahehe nao walipoteza vijana wengi siku ile, na inasimuliwa kwamba Mkwawa alikataza shangwe na maombolezo ya hadhara ili adui asijue ukubwa wa hasara. Tena, tukumbuke kwamba wengi wa waliokufa upande wa Wajerumani walikuwa Waafrika: askari wa mishahara, na wapagazi waliobeba mizigo ya watu wengine. Mama zao nao walilia.

Kuanguka kwa Kalenga

Wajerumani walijipanga kwa miaka mitatu. Mwishoni mwa Oktoba 1894 Gavana Friedrich von Schele alifika Kalenga akiwa na jeshi kubwa na mizinga. Tarehe 30 Oktoba ukuta ulivunjwa na askari wakaingia, wakipigana nyumba kwa nyumba. Ghala la baruti, pembe za ndovu na ng'ombe wengi vilichukuliwa. Wanawake na watoto wengi walichukuliwa mateka. Hilo ni lalamiko la tatu.

Mkwawa mwenyewe hakukamatwa. Alitoroka, akaanza maisha ya porini yaliyodumu karibu miaka minne. Mtu aliyezoea kuamrisha mamia sasa alilala mapangoni, akihama kila wakati, akilishwa kwa siri na watu wake. Na watu walimlisha kweli. Hapo ndipo tunapoona kwamba, pamoja na ukali wake wote, hakuwa mtawala wa kuogopwa tu.

Mwaka 1896 Kapteni Tom von Prince, aliyeitwa Sakarani, alijenga boma jipya mahali mji wa Iringa ulipo sasa. Ili kuwatenga watu na Mkwawa, mwishoni mwa mwaka huo alimtawaza Mpangile, yule yule wa Lugalo, awe mtawala badala ya ndugu yake. Haikuchukua muda. Mwanzoni mwa mwaka 1897 Wajerumani walimshuku kwamba alikuwa akimsaidia Mkwawa kwa siri, wakamnyonga. Hili ni lalamiko la nne: walimtawaza wenyewe, wakamwua wenyewe.

Kisha yakafuata mengine. Vijiji vilivyodhaniwa kumpa Mkwawa chakula viliadhibiwa, mazao yakaharibiwa, watu wakafa kwa njaa. Mwaka 1898 kodi ya nyumba ilianza kutozwa katika nchi nzima, hata mzee asiye na fedha akalazimika kuitafuta kwa kazi ya kibarua. Serikali ikatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayefanikisha kumpata Mkwawa akiwa hai au amekufa. Kwa mtu wa kijijini wakati ule, hizo zilikuwa fedha za kupotosha akili. Hata hivyo, miezi ikapita bila kupatikana.

Mlambalasi

Mnamo Julai 1898 Mkwawa alikuwa amechoka, mgonjwa, na waliobaki naye walikuwa wachache sana. Kikosi kidogo kilichoongozwa na askari mmoja wa Kijerumani aitwaye Merkl kilikuwa kikifuata nyayo zake. Kijana mmoja aliyekuwa akimhudumia alikamatwa, akalazimishwa kuwaonyesha njia. Tarehe 19 Julai, huko Mlambalasi, Mkwawa alijipiga risasi ili asishikwe. Kando yake ulikutwa mwili wa mwenzake. Simulizi zinatofautiana juu ya namna alivyokufa. Merkl, akidhani labda ni hila, aliupiga risasi mwili uliokuwa tayari hauna uhai. Kisha kichwa cha Mkwawa kikakatwa na kupelekwa Iringa kama ushahidi. Mwili ulizikwa Mlambalasi, ambako kaburi lipo mpaka leo. Fuvu likasafirishwa Ujerumani.

Hilo ndilo lalamiko la mwisho, na ndilo lililoishi muda mrefu kuliko yote. Kushindwa vitani watu walikuzoea. Kumzika mtawala wao nusu nusu hawakuweza kukuzoea.

Kanisa linasema nini?

Tunajua kwamba baadhi ya waseminari wetu wamejiuliza swali hili, na katekista hulisikia kwa watoto wa mafundisho: je, inafaa Mkristo amheshimu mtu aliyejiua?

Tujibu kwa unyofu. Mkwawa hakuwa Mkristo, na hatuwezi kumwita shahidi kwa maana ya Kanisa. Shahidi hupokea kifo kutoka kwa wengine kwa ajili ya imani, hajitoi uhai. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2280 hadi 2283, inafundisha kwamba uhai ni mali ya Mungu, nasi ni watunzaji wake tu, kwa hiyo kujiua ni kosa zito. Lakini mafundisho hayo hayo yanasema kwamba dhiki kubwa, au hofu kuu ya mateso, inaweza kupunguza lawama ya mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa milele wa waliojiua. Mungu anazo njia anazozijua yeye. Ndiyo maana Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima watu hao maziko ya Kanisa, na ile ya mwaka 1983 haikulirudia katazo hilo.

Maandiko yenyewe yana habari inayofanana sana na hii. Mfalme Sauli alishindwa na Wafilisti juu ya mlima Gilboa. Akiogopa kushikwa na kudhihakiwa, aliuangukia upanga wake, na mbeba silaha wake akafanya vivyo hivyo. Kesho yake Wafilisti walimkata kichwa, wakakitembeza habari yake katika nchi yao, na mwili wakautundika ukutani. Sauli hakuwa mtakatifu. Alikuwa na makosa mengi, na Daudi mwenyewe aliwindwa naye kama mnyama. Lakini watu wa Yabesh-Gileadi walitembea usiku kucha, wakautoa mwili wake ukutani, wakauzika, wakafunga siku saba. Na Daudi, aliyekuwa na kila sababu ya kufurahi, aliomboleza. Miaka baadaye aliikusanya mifupa ya Sauli na kuizika katika kaburi la baba yake.

Daudi hakuyasahau makosa ya Sauli. Alijua tu kwamba makosa ya mtu hayamwondolei haki ya kuzikwa. Kuzika wafu ni mojawapo ya matendo ya huruma, na Tobiti alihatarisha maisha yake kwa kuyatenda. Kwa hiyo Msangu wa Madibira anaweza kukumbuka kwamba babu yake alifukuzwa na Mkwawa, na bado akasema kwamba fuvu lile lilipaswa kurudi. Hapo hapingani na nafsi yake. Anafanya alilofanya Daudi.

Fuvu katika mkataba wa mataifa

Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha, Ujerumani ilipoteza makoloni yake. Waingereza walioichukua Tanganyika walijua jinsi jambo la fuvu lilivyowauma Wahehe. Basi katika Mkataba wa Versailles, uliotiwa sahihi tarehe 28 Juni 1919, kiliingizwa kifungu cha 246, kinachoitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Sultani Mkwawa kwa Serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Katikati ya mambo makubwa ya mipaka, majeshi na fidia za fedha, jina la mtu wa Kalenga likaandikwa mbele ya mataifa yote.

Miezi sita ikapita, miaka ikapita. Wajerumani walidai hawajui lilipo. Mwaka 1926 Waingereza walimtambua Sapi, mwana wa Mkwawa, kuwa mtawala wa Wahehe, na mwaka 1940 akafuata mjukuu, Adam Sapi Mkwawa. Fuvu bado halikurudi.

Hatimaye Gavana Edward Twining alilifuatilia. Katika jumba la makumbusho la Bremen kulikuwa na mkusanyiko mkubwa wa mafuvu ya watu, yakiwemo mengi yaliyotoka nchi hii. Mafuvu hayo yalipimwa na kulinganishwa na vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa, likachaguliwa moja lililolingana na lenye alama ya risasi. Tarehe 19 Juni 1954 Twining alilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi pale Kalenga, mbele ya umati mkubwa. Lipo hapo mpaka sasa, katika makumbusho ya Kalenga.

Wako wataalamu wanaotilia shaka kama fuvu lile kweli ni la Mkwawa. Hatutaingia katika ubishi huo. Jambo linalotusumbua sisi ni jingine: katika jumba moja tu la Ulaya palikuwa na vichwa vya watu wetu vingi kiasi kwamba ilibidi kichaguliwe kimoja. Kila kimoja kati ya vile kilikuwa na mama, kilikuwa na jina. Wengine wote hawakuandikwa katika mkataba wowote.

Kutoka Kalenga hadi Uhuru

Siku 18 baada ya sherehe ya Kalenga, tarehe 7 Julai 1954, TANU ilianzishwa Dar es Salaam. Hatusemi kwamba jambo moja lilizaa jingine. Tunasema tu kwamba nchi ilikuwa imefikia mahali pamoja. Malalamiko yaliyokuwa ya kabila moja moja, Wahehe na fuvu lao, Wameru na ardhi yao iliyopelekwa hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952, yalianza kuwa lalamiko moja la watu wote.

Mwalimu Julius Nyerere, mwalimu wa shule ya Kikatoliki ya Pugu, alikwenda New York Machi 1955 kulieleza lalamiko hilo mbele ya Baraza la Udhamini. Hakubeba mkuki. Lakini aliyosema yasingekuwa na uzito kama watu nyuma yake hawakuwa wanakumbuka. Mkwawa alipigana akiwa na Wahehe peke yao, Wasangu wakiwa upande wa pili, na wakati wa Majimaji, mwaka 1905, waliokuwa wameshavunjwa nguvu hawakuweza kuungana na wenzao wa kusini. Harakati za TANU zilifanikiwa kwa kuwa Mhehe, Msangu, Mbena na Mngoni walishika kadi moja.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Kwa mwaka mmoja bado Malkia wa Uingereza alikuwa mkuu wa nchi yetu. Tarehe 9 Desemba 1962 tukawa Jamhuri, na nchi ikaachana na wafalme wa mbali. Mwaka huo huo wa 1962 Adam Sapi Mkwawa akawa Spika wa Bunge. Mjukuu wa mtu aliyekatwa kichwa kwa amri ya serikali ya Kaisari akakaa katika kiti cha kuwaongoza wawakilishi wa makabila yote, wakiwemo wale ambao babu yake aliwapiga. Mwaka uliofuata uchifu wenyewe ukafutwa kama mamlaka ya serikali. Adam Sapi aliendelea kuwa Spika, kwa vipindi viwili, mpaka mwaka 1994.

Tunajifunza nini?

Wapendwa, tunaona mambo matatu.

La kwanza, lalamiko la haki halifi kwa kumshinda anayelalamika. Wajerumani walimaliza vita mwaka 1898, lakini miaka 56 baadaye bado walikuwa wakidaiwa. Padre wa kesho akumbuke hilo atakapokuwa parokiani: ugomvi wa shamba au wa mirathi hauishi kwa kumnyamazisha mnyonge. Unaisha kwa kurudisha alichonyang'anywa.

La pili, anayelalamika naye ajitazame. Mkwawa alidhulumiwa, naye alidhulumu. Tukimpamba asionekane na doa, tunawanyima majirani zake haki yao, na tunajinyima sisi wenyewe somo.

La tatu, wako wengi ambao bado hawajarudi nyumbani. Mnamo Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Majimaji. Tunashukuru kwa hilo. Hata hivyo masalia ya watu wetu yangali katika masanduku ya Ulaya. Tuyaombee, na tuzidi kuyadai kwa upole na bila kuchoka.

Mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu wote, tunawaalika waamini wetu, Wahehe na Wasangu pamoja, kuweka nia moja kwa ajili ya wote waliokufa Lugalo, Kalenga, Mlambalasi na katika mbuga za Usangu: walioshinda na walioshindwa, wenye makaburi na wasio na makaburi. Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie.